Mdogo Wangu, Usisubiri Mfumo Ukuambie Umekwama

Kona yetu wiki hii ni ya kazini, na imeanzia kwenye barua ya mdogo wangu mmoja, mhasibu wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa jijini Mwanza. Nafupisha maneno yake. Mfumo wao wa uhasibu una kazi kadhaa zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba: moja inavuta malipo ya wateja yaliyoingia kwa simu, moja inaingiza ankara kwenye leja, moja inawatumia wateja taarifa za madeni yao. Mwezi uliopita mwenzao mmoja aliacha kazi, na fundi wa kompyuta akaifunga akaunti yake siku hiyohiyo, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kazi zile za ratiba zilikuwa zikiendeshwa kwa jina la huyo aliyeondoka. Zikasimama. Haukutoka ujumbe wowote. Walikuja kushtuka siku ya tisa, pale mteja wao mkubwa alipokuja juu: amelipa, meseji ya muamala anayo kwenye simu, na bado mfumo unamdai na lori lake limezuiwa getini.

Bosi amemwambia, "Weka utaratibu wa kutupa taarifa, hili lisijirudie." Naye ananiuliza: dada, naanzia wapi? Mimi ni mhasibu, si mtu wa IT.

Pole, mdogo wangu. Na nakuambia mapema kwamba kuwa mhasibu hapa ni faida yako. Fundi anaweza kujua kwamba kazi imekatika. Wewe unajua kazi hiyo ikikatika nani anaumia, na anaumia kufikia saa ngapi. Hilo la pili ndilo linalojenga arifa nzuri, na hakuna fundi atakayelitoa kichwani mwake bila wewe kumweleza.

Jambo la kwanza utakaloambiwa ni kuweka alama kwenye kisanduku kinachosema mfumo ukutumie barua pepe kazi ikifeli. Weka. Lakini ujue kwamba kisanduku hicho kisingekuokoa siku zile tisa. Umeniandikia mwenyewe kwamba ulipofungua orodha, kazi zote zilikuwa bado zimeandikwa "Ready". Hazikufeli. Hazikuanza kabisa, na kazi ambayo haikuanza haina hitilafu ya kuripoti.

Kwa maelezo yako mnatumia Business Central ya Microsoft, kwa hiyo nitashika huohuo, ingawa wenye Odoo, SAP na mifumo mingine watajikuta humu. Fungua ukurasa wa Job Queue Entries. Kila mstari ni kazi moja, na kila mstari una hali yake. "Ready" inasubiri zamu yake. "In Process" inaendelea. "Error" imejaribu mara zote ilizoruhusiwa, ikashindwa, na sasa imekaa hapo mpaka mtu aje aianzishe upya. "On Hold" imesimamishwa. Arifa ya kufeli inaiona "Error" peke yake. Zile tatu nyingine zinaweza kuficha msiba na mfumo usiseme neno.

Chukua "On Hold". Ili kubadilisha chochote kwenye mstari wa kazi, lazima kwanza uusimamishe. Mtu anausimamisha saa tano asubuhi ili abadilishe muda wa kuanza. Simu inalia, anaitwa mapokezi, anarudi anaendelea na jambo jingine. Kazi inabaki imesimama mpaka lini, Mungu ndiye ajuaye. Mfumo haujafanya kosa lolote: umeamriwa usimame, umesimama. Au chukua "In Process" iliyoanza jana usiku, na leo saa nne asubuhi bado inaendelea, wakati siku zote humaliza ndani ya dakika ishirini. Imekwama mahali, lakini kwa hesabu ya mfumo bado iko kazini. Na ile "Ready" yako, itazame pamoja na safu ya muda wa kuanza. Ukikuta "Ready" na muda wake ulikuwa jana au juzi, hapo kuna jambo. Zoea kuangalia safu hizo mbili kwa pamoja. Nusu ya maradhi ya kazi za ratiba huonekana hapo.

Kwa hiyo swali la kuuliza mfumo ni hili: "Kazi imefika?" Wengi wanauliza kama imefeli, na hapo ndipo wanapopotea. Wale mliosoma shule za bweni mnamkumbuka mlinzi wa usiku aliyegonga kipande cha reli kila saa. Mkuu wa shule hakusubiri mlinzi aje kumwambia kwamba amelala. Saa saba ikipita bila mlio, alijua. Arifa unayoitaka ni ya namna hiyo: kazi ikimaliza vizuri inagonga, na anayesikiliza anaanza kuuliza pale mlio usipofika kwa wakati.

Hili lina vifaa vyake, na havina ugumu. Kuna huduma kama Healthchecks.io na Cronitor. Unaiandikisha kazi yako huko, unapewa anwani ya wavuti ya kazi hiyo peke yake, na fundi wako anaongeza mstari mmoja mwishoni mwa kazi: ukimaliza salama, ita anwani hii. Wewe unaiambia huduma mambo mawili, kazi huja kila baada ya muda gani, na ikichelewa ivumiliwe kiasi gani. Muda huo ukipita bila wito, huduma inakutumia barua pepe au ujumbe wa Telegram. Healthchecks ina kiwango cha bure kinachotosha ofisi ndogo, na programu yake iko wazi kwa atakayetaka kuiweka kwenye seva yake mwenyewe. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inakaa nje ya mfumo wenu. Umeme ukikatika, seva ikizimika, akaunti ikifungwa, intaneti ikienda, yote hayo yanaonekana kwa sura moja: wito haukufika.

Muda wa kuvumilia usiupange kwa pupa. Angalia kumbukumbu za kazi za miezi miwili mitatu, uone ilichukua muda gani siku za kawaida na muda gani mwisho wa mwezi, pale ankara zinapofurika. Ukiweka dakika tano kwa kazi ambayo kila mwisho wa mwezi huchukua saa nzima, utaamshwa usiku wa manane kila mwezi kwa kazi nzima isiyo na tatizo. Vilevile usitake kuambiwa jaribio la kwanza likishindwa. Mtandao hukatika sekunde kumi ukarudi. Iache kazi ijaribu mara tatu kwa nafasi ya dakika chache, kisha ndipo ilie.

Wale mnaotumia mifumo ya zamani inayokaa kwenye kompyuta ya ofisini, nanyi sijawasahau. Toleo la bure la SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, lile la Express, halina SQL Server Agent, yaani chombo cha kuendesha kazi za ratiba. Ndiyo maana bekapu za ofisi nyingi ndogo zinaendeshwa na Task Scheduler ya Windows. Nendeni mkaangalie jambo moja leo: kazi hiyo imewekwa ifanyike mtumiaji akiwa ameingia tu, au ifanyike awepo asiwepo? Kama ni ile ya kwanza, basi kila jioni anayefunga kompyuta kwa uangalifu na kutoka kwenye akaunti yake anaizuia bekapu bila kujua. Na pasiwedi ya akaunti hiyo ikibadilishwa, kazi inaweza kugoma mpaka uipe pasiwedi mpya. Kwenu nyinyi ile kengele ya nje ina umuhimu zaidi kuliko kwa yeyote.

Nije kwenye saa, kwa sababu hapa sisi Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Bosi anasema, "Taarifa za madeni zitoke saa mbili." Amekusudia saa mbili asubuhi, wateja wakiwa wanafungua maduka. Fundi anaandika 2:00, na kwa kompyuta hiyo ni saa nane usiku. Mteja anapokea meseji ya deni wakati amelala, anaona haya na hasira kwa pamoja. Kisha kuna ngazi ya pili: seva nyingi za wingu huhesabu kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia, ambazo ziko nyuma ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa 3, nyuma ya Kigali na Lubumbashi kwa saa 2, na nyuma ya Muscat kwa saa 4. Kazi uliyoipanga saa 20:00 ukidhani ni saa mbili usiku inatoka saa tano usiku. Mbaya zaidi ni mwanzo wa mwezi. Kwetu ikiwa saa saba usiku tarehe 1, kwa UTC bado ni saa 22:00 ya siku iliyotangulia, yaani mwezi uliopita haujaisha. Kazi iliyopangwa ifunge hesabu za mwezi itavuta tarehe isiyo yake. Andika kila muda kwa mtindo wa saa 24, taja ni saa za wapi, na ongeza kwa Kiswahili ni asubuhi au usiku. Ukiandika "20:00 saa za Afrika Mashariki, saa mbili usiku", hakuna atakayekosea.

Na kwa kuwa tuko kwenye tarehe: kazi iliyopangwa kufanyika tarehe 31 kwa ratiba ya cron, ile ya seva za Linux, haifanyiki miezi isiyo na tarehe hiyo, na miezi hiyo ni mitano kwa mwaka. Haitalalamika. Kwa mujibu wa ratiba haikutakiwa kufanyika.

Sasa niwape kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kina kila kitu ninachokisema. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za watengenezaji wa dunia nzima, ilikuwa na usiku mgumu. Seva zao zilikuwa zimeelemewa, na fundi mmoja aliyekuwa akihangaika kurekebisha mambo akafuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Alipogundua na kusimamisha, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakasema basi, turudishe bekapu. Walikuwa na kazi ya ratiba iliyotakiwa kutoa bekapu kila siku na kuipeleka kwenye hifadhi ya wingu. Walipofungua hifadhi hiyo wakakuta haina kitu. Programu ya kutoa bekapu iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo 9.2 la PostgreSQL, aina ya hifadhidata yao, wakati hifadhidata yenyewe ilikuwa toleo 9.6. Kila siku kazi ilianza, ikaona matoleo hayalingani, ikakataa.

Mtauliza, hawakuwa na arifa? Walikuwa nazo. Kazi ilipokuwa ikifeli ilituma barua pepe. Lakini barua hizo hazikuwa na uthibitisho wa DMARC unaotakiwa siku hizi, kwa hiyo upande wa kupokea ulizikataa. Hazikumfikia mtu. Kengele ilikuwa ikilia kila siku ndani ya chumba kilichofungwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi mmoja aliitoa kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo data ya saa zile sita ilipotea: miradi takriban 5,000 iliguswa, maoni takriban 5,000, na akaunti mpya zipatazo 700. Nawaheshimu kwa jambo moja, kwamba waliyaandika yote hadharani, bila kumtupia jiwe fundi yule, wakaeleza kila kilichokuwa kimekufa kimyakimya. Ndiyo maana leo naweza kuwasimulia.

Chukua mambo mawili hapo. La kwanza, njia ya arifa nayo inakufa. Barua pepe inaweza kuishia kwenye takataka. Kama mnatuma kwa SMS kupitia kampuni ya huduma hizo, salio la SMS linaisha kama salio lolote, na siku litakapoisha hakuna meseji itakayokujia kusema kwamba meseji zimeisha. Seva ya barua pepe ikiwa ndani ya mashine ileile ya mfumo, vitakufa pamoja. Arifa nzito ipite njia mbili zisizotegemeana.

La pili, kazi inaweza kuanza, ikamaliza, ikaandikwa imefanikiwa, na isiwe imefanya kitu. Kazi yako ya kuvuta malipo ya simu inaweza kuingia, ikakuta faili tupu, ikasoma mistari sifuri, ikamaliza salama na kugonga kengele yake ya uzima. Hapo ndipo uhasibu wako unapotakiwa. Unajua Jumatatu mnapokea malipo mengi kuliko siku zote. Unajua Jumapili sifuri ni halali, lakini Jumatatu sifuri ni balaa. Mwambie fundi aweke sharti: kazi isigonge mpaka imehesabu ilichokifanya, na siku za kazi ikikuta sifuri ilie. Kwa bekapu, ipime ukubwa: ikiwa ya jana ilikuwa gigabaiti nane na ya leo ina kilobaiti chache, usiku haukwenda vizuri, hata kama orodha imejaa rangi ya kijani.

Baada ya hapo utatamani kuweka arifa kila mahali. Jizuie. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya kufanya biashara ya hisa, Knight Capital, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 ndani ya dakika zipatazo 45, kwa sababu programu mpya haikuwekwa kwenye seva moja kati ya nane. Asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao ulikuwa umeshatuma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi, zikitaja hitilafu ile. Ripoti ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani inasema barua za aina hiyo hazikubuniwa ziwe arifa, na kwa kawaida wafanyakazi hawakuwa wakizipitia. Barua 97 zilifika, na hazikumsaidia mtu. Kwa hiyo usihesabu arifa ulizoweka. Hesabu zile zitakazomwinua mtu kitini.

Mimi ningefanya hivi. Ningekaa na karatasi, kila kazi ya ratiba mstari wake, kisha ningeuliza: hii isipofanyika usiku wa leo, nani ataumia, na itakuwa imechelewa kurekebishwa kufikia lini? Kuvuta malipo ya simu, ambako hufanyika kila robo saa, kukikwama saa nzima tayari kuna mteja anazuiwa getini: hiyo impigie mtu simu. Taarifa za madeni, bekapu na leja zinaweza kusubiri mpaka asubuhi kabla ya kufungua ofisi: ujumbe wa saa moja asubuhi unatosha. Kazi ya kufuta kumbukumbu za zamani inaweza kukaa kwenye orodha ya kuangaliwa mara moja kwa wiki. Zile zinazogusa kodi na mishahara zinapanda daraja tarehe zake zikikaribia. Kodi ya mishahara Tanzania mwisho wake ni siku ya 7 ya mwezi unaofuata, Kenya siku ya 9, na VAT ni siku ya 20 pande zote mbili. Kazi ya kutayarisha taarifa za VAT ikikwama tarehe 12 ni usumbufu, ikikwama tarehe 19 ni faini. Kazi ni ileile, uzito wake unabadilika na kalenda.

Halafu, maneno ya arifa yenyewe. Arifa nyingi zinaandikwa na mashine kwa ajili ya mashine: "Kazi 50112 imeshindwa, hitilafu isiyojulikana." Mtu aliyeamka saa kumi usiku afanye nini na hiyo? Andika mapema, ukiwa na akili tulivu, maneno ambayo mtu mwenye usingizi atayaelewa. Kwa mfano: "Kuvuta malipo ya simu hakujafanyika tangu saa 22:00 jana, saa nne usiku. Malipo yaliyoingia baada ya hapo hayaonekani kwa wateja. Msizuie mzigo wa mteja yeyote kwa sababu ya deni mpaka litengemae. Kwanza angalia kama kazi iko On Hold. Kama haiko, mpigie fundi wa zamu." Sentensi ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Hairekebishi kompyuta, inamlinda mteja wakati kompyuta inarekebishwa. Hiyo nakuomba uiandike wewe, usimwachie fundi.

Arifa iende kwa nani? Najua umeshafikiria kundi la WhatsApp la ofisi. Kundi lina watu ishirini, arifa inaingia katikati ya picha za harusi na tangazo la mchango wa msiba, kila mmoja anaona na kila mmoja anaamini mwenzake ameishughulikia. Arifa iwe na mwenyewe, mtu mmoja kwa jina, kwa zamu ya wiki, na wa pili wa kupigiwa wa kwanza asipoitika ndani ya nusu saa. Zamu iandikwe, na Idd, Krismasi na Pasaka zimo. Idd hasa, kwa kuwa mwezi huandama watu wakiwa wameshatawanyika kwenda makwao, na kazi za ratiba haziujui mwandamo.

Sasa nizungumze nawe kama dada. Usikubali kuwa wewe peke yako mwenye zamu kwa sababu tu ndiwe uliyeuliza. Mabinti wengi maofisini wanarithi mizigo kwa njia hiyo: alijali, basi ikawa yake milele. Anayebeba simu ya usiku anastahili posho au mapumziko ya fidia, na hilo lizungumzwe kabla zamu haijaanza. Ukiamshwa mara mbili kwa wiki kwa jambo lisilohitaji kuamsha mtu, arifa hiyo ishushwe daraja asubuhi ileile. Na kazi zile zisihamishwe kutoka jina la aliyeondoka kuja jina lako. Ninyi mlioko Tanzania likizo ya uzazi ni siku 84. Hutaki kazi za kampuni zisimame ukiwa na mtoto mchanga mikononi, wala hutaki kupigiwa simu utoe pasiwedi. Waulize washauri wenu wa mfumo ni akaunti gani ya kudumu inaweza kuendesha kazi hizo, na leseni yake inagharimu nini. Kisha kwenye fomu ya mfanyakazi anayeondoka, pale penye kurudisha funguo na kitambulisho, ongezeni mstari mmoja: kazi gani za ratiba ziko kwa jina lake?

Bosi akisema haya ni makuu mno kwa kampuni ya ukubwa wenu, mwambie habari ya benki ya RBS ya Uingereza na ndugu zake NatWest na Ulster Bank. Juni 2012 waliboresha programu inayopanga kazi za usiku, maboresho yakaenda mrama, wakajaribu kuyarudisha nyuma na kazi zikavurugika. Wateja milioni 6.5 Uingereza waliguswa, na wale wa Ulster Bank walihangaika mpaka Julai. Mwaka 2014 wasimamizi wa mabenki waliwatoza faini ya pauni milioni 56. Kilichovunjika kilikuwa kile chombo cha kupanga kazi gani ianze usiku na ipi ifuate.

Ukishaweka yote, yajaribu kwa kuyavunja. Tengeneza kazi ndogo isiyogusa hesabu za mtu, iache igonge siku mbili, kisha isimamishe kwa makusudi bila kumwambia mwenye zamu. Tazama: simu yake imelia? Saa ngapi? Alikuwa ameiweka kimya? Alijua afungue ukurasa upi? Utagundua mengi jioni hiyo moja kuliko kwenye mikutano yote. Rudia kila baada ya miezi michache, na kila mnapobadilisha seva ya barua pepe, namba za simu au watu.

Mdogo wangu wa Mwanza, nawe uliyesoma mpaka hapa ukiwa Mombasa, Goma au Muscat, nakuomba jambo moja kabla ya wiki kuisha. Usianze na kununua kitu. Fungua orodha ya kazi za ratiba za ofisi yako, andika kila moja inaendeshwa kwa akaunti ya nani na lini mara ya mwisho ilimaliza salama. Kama kuna jina la mtu ambaye hayupo tena kazini, mwite fundi leo hiihii.